Si Kila Mkataa Kwao Ni Mtumwa

Methali isemayo kwamba mkataa kwao ni mtumwa imegeuzwa kiboko mikononi mwetu sisi watu wa pwani. Hutumiwa kumchapa kijana aliyebadili lafudhi, bibi arusi aliyesahau ukoo wake, na kila mgeni ambaye jibu lake la "wewe wa wapi?" halikutoka upesi kama tulivyotaka. Nataka kuishika mkono methali hiyo na kuipeleka mahali ambapo wengi wetu hatujafika, nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kibondo na Kasulu, ili tuone kama itaweza kusimama huko.

Sababu ya kufunga safari hiyo ni maneno ninayoyasikia mara kwa mara, na kwa masikitiko nayasikia zaidi katika baraza za wapenzi wa mashairi kuliko sokoni. Husemwa kwamba Muha wa mpakani ni Mrundi aliyevaa kanzu ya kuazima. Kwamba amebadili jina, amebadili kabila, pengine amebadili na dini, ili ale asichostahili. Ukiuliza ushahidi uko wapi, utajibiwa kwa kicheko na kwa mfano wa sinema: "Hao ni akina Don." Basi maadamu wenzangu wameanza na sinema, nami nitaanzia hukohuko.

Don wanayemtaja ni yule wa filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka 1978, mkurugenzi wake Chandra Barot, watunzi wake Salim Khan na Javed Akhtar. Wenyeji wa visiwa hivi waliokuwa wakipanga foleni mbele ya Majestic na Cine Afrique hawahitaji kufundishwa filamu za Kihindi. Lakini kisa hiki kinastahili kukumbushwa, kwa kuwa nadhani wanaokitolea mfano wamekisahau. Amitabh Bachchan anacheza nafasi mbili. Yeye ni Don, jambazi mkuu anayesakwa na polisi, na yeye ni Vijay, mwimbaji wa mitaani anayelea watoto wawili wasio wake, anayefanana na Don kama shilingi kwa ya pili. Don anakufa. Mkuu wa polisi, D'Silva, anaificha maiti na kumwomba Vijay aingie katika nafasi ya marehemu, ajifanye amepoteza kumbukumbu, alichunguze kundi la majambazi kutoka ndani. Siri hiyo D'Silva hamwambii mtu. Kisha D'Silva anauawa.

Kuanzia hapo hadithi inageuka na kuwa jambo zito. Majambazi wamegundua kwamba Vijay si Don, nao wanataka kumwua. Polisi wanaamini kwamba Vijay ni Don, nao wanataka kumtia kitanzini. Anapaza sauti kwamba yeye ni Vijay, na kila anavyozidi kupaza ndivyo anavyozidi kuonekana mwongo hodari. Anasema kweli tupu, na aliyekuwa shahidi wake pekee amezikwa. Msisimko wa filamu ile hautokani na bastola. Unatokana na swali ambalo mtu yeyote mwenye moyo atajiuliza akiwa kitini: ningekuwa mimi, ningethibitishaje kwamba mimi ni mimi?

Ni jambo la kuzingatia pia kwamba Barot, aliyefariki Julai 2025, alikuwa mtoto wa Tanganyika. Alikulia huku, akafanya kazi katika benki Dar es Salaam, halafu katika miaka ya 1960 akahamia Bombay, wakati Wahindi wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakiulizwa kwao ni wapi hasa. Hadithi ya Don hakuitunga yeye, wala sidai kwamba alikusudia kusimulia maisha yake. Nasema tu kwamba filamu ambayo wenzetu wanaitumia kumcheka mtu wa mpakani iliongozwa na mtu aliyetoka katika nchi hii, kutoka katika jamii ambayo nayo iliwahi kutiliwa shaka.

Mwaka 2006 Farhan Akhtar, mwana wa Javed Akhtar, aliitengeneza upya filamu hiyo, na safari hii aliyecheza ni Shah Rukh Khan. Kisa ni kilekile mpaka karibu na mwisho. Hapo mtazamaji anaambiwa kwamba Vijay alikwisha kufa hospitalini zamani. Yule tuliyemwonea huruma, tuliyemwombea apone, alikuwa Don mwenyewe tangu muda huo, akijifanya Vijay aliyejifanya Don. Ukumbi unapiga makofi. Ufundi wa hila umekamilika.

Mimi sipigi makofi. Miisho hiyo miwili ni namna mbili za kumtazama binadamu. Mwisho wa 1978 unatufundisha kumwogopea mtu mkweli aliyekosa shahidi. Mwisho wa 2006 unatufundisha kwamba uso wa mnyonge ni kinyago, na kwamba aliyekuliza machozi alikuwa akikucheka. Kama burudani ya saa tatu, unapita. Kama kanuni ya kuwatazama jirani zetu, ni sumu. Nami nashitaki kwamba wenzetu wanaposema "hao ni akina Don" wamechagua kanuni hiyo ya pili, wakaiita busara.

Wala si sinema za Kihindi peke yake. Patricia Highsmith, mwandishi wa Marekani, alitoa mwaka 1955 riwaya ya Tom Ripley, kijana fukara aliyemwua tajiri Dickie Greenleaf na kutwaa jina, nguo na fedha zake. Ufaransa iliitia katika filamu mwaka 1960, na Anthony Minghella akairudia mwaka 1999, Matt Damon akiwa Ripley. Ni kazi nzuri, sikatai. Inaingia ndani ya nafsi ya laghai na kutuonyesha jinsi uongo mmoja unavyodai uongo wa pili, na wa pili unavyodai damu. Ila ina dhana moja ambayo imeenea katika filamu nyingi za aina hii: kwamba anayetwaa jina lisilo lake huongozwa na tamaa. Ripley anapanda. Anataka kitanda cha mwenzake, saa ya mwenzake, baba wa mwenzake. Tukishanyweshwa dhana hiyo miaka nenda miaka rudi, tunashindwa hata kufikiri kwamba mtu anaweza kutwaa jina jingine kwa kutaka kitu kidogo mno, kama vile kulala usiku mmoja bila kugongewa mlango.

Sasa twende Kibondo na Kasulu. Ni nchi ya vilima, migomba, maharage na mihogo, iliyoinuka juu ya Ziwa Tanganyika na kupakana na Burundi. Wenyeji wake ni Waha, na nchi yao kwa jina la kale ni Buha. Lugha yao, Kiha, ni ndugu wa karibu wa Kirundi, ndugu wa tumbo moja hasa, kiasi kwamba Muha na Mrundi wanakaa kibarazani wakazungumza kila mmoja kwa lugha yake na hakuna anayehitaji mkalimani. Wataalamu wa lugha huziweka pamoja katika kundi moja na Kinyarwanda. Watawala wa kale wa pande zote mbili waliitwa kwa cheo kimoja, Mwami.

Hata majina ya enzi ni mamoja. Jina Ntare, lililotokana na simba, lilichukuliwa na wafalme wa Burundi. Wa mwisho wao, Ntare wa Tano, aliuawa Gitega mwaka 1972. Jina hilohilo lilichukuliwa na wafalme wa Ankole nchini Uganda. Na jina hilohilo lilichukuliwa na mwanamke wa Kasulu, Mwami Theresa Ntare, aliyetawala Heru katika miaka ya 1940 na 1950, wakati ambapo wanawake wenye kiti cha enzi Tanganyika walikuwa wa kuhesabika. Nani alimwibia nani jina? Swali lenyewe ni la kipuuzi. Jina lilikuwa la nchi nzima kabla ya nchi hiyo kukatwa vipande.

Ukataji huo tunaujua. Wajerumani waliitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi kama koloni moja. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana mwaka 1919 kugawana, Ubelgiji ikabaki na Ruanda-Urundi, Uingereza ikachukua kilichosalia. Mpaka ukapita kati ya watu waliokuwa wakioana, wakikopeshana ng'ombe na kuzikana. Hakuna aliyehama siku hiyo. Ulichohama ni uraia wao. Halafu miaka mia baadaye mtu anasimama na kumwuliza mjukuu wa watu hao kwa ukali: sema kweli, wewe ni wa upande gani?

Mwaka 1972 utawala wa Michel Micombero uliwaua Wahutu wa Burundi kwa maelfu yasiyohesabika, na waliosalimika wakakimbilia Tanzania. Wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine walibaki Kigoma, mjini na vijijini. Katikati ya miaka ya 1980 mtaalamu wa elimu ya jamii, Liisa Malkki, aliishi na makundi yote mawili, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1995. Aliyoyakuta yangemfaa sana mtunzi wa filamu. Wa Mishamo, waliofungiwa kambini, waliushika Uhutu wao kwa mikono miwili na kusimulia historia yao kama msahafu. Wa Kigoma mjini walikuwa wameyeyuka. Leo huyu ni Muha, kesho ni Mwislamu wa mjini tu asiyeulizwa kabila, kesho kutwa ni mkwe wa fulani. Waliyavaa majina kadiri siku ilivyotaka.

Hapo ndipo mwenzangu wa barazani atakapopiga kofi paja na kusema: "Si nilikwambia!" Naam, uliniambia; lakini hukuniambia walikuwa wakimwibia nani. Hawakumwua Dickie Greenleaf yeyote. Hakuna Muha aliyelala njaa kwa kuwa jirani yake amejiita Muha. Walichokificha ni neno moja tu, mkimbizi, kwa sababu neno hilo liliweza kumpandisha mtu kwenye lori na kumpeleka asikotaka. Ukimpa mtu jina lenye kamba, usishangae akilivua.

Kisha ukaja Oktoba 1993. Rais Melchior Ndadaye aliuawa na wanajeshi, na Burundi ikashika moto upya. Mamia ya maelfu walivuka kuingia Kagera na Kigoma. Kibondo ikawa na kambi za Mtendeli, Kanembwa, Nduta na Karago. Kasulu ikawa na Mtabila na Muyovosi, na tangu 1996 ikawa na Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Kulikuwa na kambi nyingine ndogo huko Kibondo, iitwayo Mkugwa. Humo waliwekwa watu ambao kambi nyingine ziliwashinda kuwahifadhi: mume Mhutu na mke Mtutsi, watoto wa damu mbili, wale ambao kila upande uliwaona ni wa upande wa pili. Kambi ya watu wasiofaa katika safu yoyote ya daftari! Anayetaka filamu ya kutikisa nafsi kuhusu utambulisho, asihangaike na majumba ya Italia. Mkugwa ingemtosha.

Mwishoni mwa 1997 jeshi liliingia vijijini katika maeneo ya mpakani ya Kigoma na kuwakusanya wageni wote waishio nje ya kambi. Shirika la Human Rights Watch lilieleza katika ripoti yake ya 1999 kwamba miongoni mwa makumi ya maelfu waliokusanywa walikuwamo watu waliokaa Tanzania tangu miaka ya 1970, wenye wake na waume Watanzania, wenye nyumba, migomba na makaburi ya wazazi. Mtu alitolewa shambani, mkewe akabaki amesimama na jembe. Mwaka uliofuata Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikakaza kwamba mkimbizi hana ruhusa ya kutoka katika eneo alilopangiwa. Kwa desturi ya kambi, zaidi ya kilomita 4 ulihitaji kibali. Na mwaka 2013 ilikuja Operesheni Kimbunga, ikapita Kagera, Geita na Kigoma, na maelfu wakavukishwa mpaka.

Tazama basi jinsi hesabu ilivyokuwa. Tanzania ilifanya jambo kubwa ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya: iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 zaidi ya 160,000, na mwaka 2014 hati zikaanza kukabidhiwa. Heshima hiyo ni haki ya nchi na naitamka bila kinyongo. Lakini mpango ule ulikuwa wa makazi matatu niliyoyataja. Waliotawanyika katika vijiji vya Kigoma hawakuwamo. Yule aliyekaa miaka 40 na jina la mkimbizi kifuani alipewa hati. Yule aliyeoa, akalima, akazika na kuzikwa pamoja na wenyeji, akawa jirani kweli, alibaki bila karatasi. Kisha tunamlaumu kwamba anadanganya!

Nimewasikia wanaojibu kwamba hoja hizi ni za huruma tupu na kwamba dola haiendeshwi kwa machozi. Watasema wapo waasi waliojificha kambini, wapo majambazi wa silaha waliovamia magari katika misitu ya Kibondo, na Burundi ililalamika kwamba inashambuliwa kutoka upande wetu. Ni kweli, silaha zilipita, na mwanakijiji wa Kasulu aliyevamiwa usiku ana haki ya kulindwa kuliko mimi nilalaye kisiwani. Sibishani na hilo. Ninachobishana nacho ni njia. Mwizi hushikwa kwa kosa lake: kwa bunduki aliyokutwa nayo, kwa ng'ombe aliyekutwa naye. Hashikwi kwa matamshi ya herufi. Mlinzi anapoanza kuwapima watu kwa lafudhi mahali ambapo lafudhi hazitofautiani, hamkamati mwizi. Anamkamata mwenye bahati mbaya, na mwizi mwenye fedha anapita na kitambulisho kipya mfukoni.

Na hebu tuulize anachotakiwa kuthibitisha ni nini. Kwa sheria ya uraia iliyoanza na uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba 1961, haikutosha mtu awe amezaliwa nchini. Ilitakiwa na mmoja wa wazazi wake awe amezaliwa humo. Kwa hiyo mjukuu wa leo akitiliwa shaka, swali linarudi nyuma mpaka kwa babu na bibi: walizaliwa wapi, nani aliandika? Hakuna aliyeandika. Vizazi vile vya Buha vilizaliwa kwa mkunga wa kijiji, shahidi akiwa ni mvua kubwa au njaa ya mwaka fulani. Mkunga amekufa, wazee wamekufa. Huyu ndiye Vijay, na hao ndio D'Silva wake.

Zamani mtu aliweza kuishi bila karatasi. Siku hizi hawezi hata kuongea. Mwaka 2019 serikali ilianzisha usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Wanasiasa wa Kigoma wamelalamika hadharani mara nyingi kwamba watu wao huhojiwa na kucheleweshewa vitambulisho kuliko raia wa mikoa mingine. Katika hali hiyo, kijana wa Kibondo anayesajili laini kwa jina la shemeji yake tumwite nani? Ripley? Ametwaa utambulisho wa mtu mwingine, hakika. Ameutwaa ili ampigie mama yake.

Ningeishia hapa kama msomaji wangu angekuwa Dodoma. Lakini nawaandikia watu wa pwani na visiwa, na kwetu sisi kuna deni jingine. Ni nani aliye na haki ndogo kuliko sisi ya kumcheka mtu kwa kubadili jina?

Fungueni madaftari ya sensa ya Unguja. Mwaka 1924 watu kwa maelfu waliandikisha kwamba wao ni Waswahili. Mwaka 1931, miaka 7 tu baadaye, kundi hilo lilikuwa limepukutika hata likakaribia kutoweka, na safu nyingine, Washirazi miongoni mwao, zikafurika. Je, kulikuwa na gharika? Watu walikuwa walewale, katika nyumba zilezile za Ng'ambo. Neno Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, nao wakalivua. Wakati wa Vita vya Pili, ugawaji wa chakula ulipofuata kabila, kabila likawa ni suala la mchele. Waliohama safu siwalaumu hata chembe. Walikuwa na watoto wa kulisha. Nawalaumu wajukuu wao wanaojifanya hawajui habari hiyo, wakamgeukia Muha na kumwuliza ukoo.

Na hilo neno mtumwa, lililomo katika methali tunayoipenda, tulitafakari kidogo. Mtumwa wa pwani hakukataa kwao. Alinyang'anywa kwao, akapewa jina jipya sokoni, na utumwa ulipofutwa Unguja mwaka 1897 hakukuwa na njia ya kurudi. Methali imemgeuzia kosa aliyekosewa. Waha nao walikuja huku kwa mlango unaofanana: mkoa wa Kigoma ulifanywa ghala la vibarua, na watu wa Kasulu na Kibondo waliletwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, bega kwa bega na Warundi. Tuliwaita manamba. Utambulisho wa kwanza ambao pwani ilimpa Muha ulikuwa namba, na hatukumwuliza wakati ule kama ni wa upande huu au ule wa mpaka, maadamu alikata mkonge.

Tena sisi ni watu wa ushairi. Hebu tuone washairi wetu wanavyojitambulisha. Ahmad Nassir tunamjua kwa Malenga wa Mvita, Andanenga tunamjua kwa Sauti ya Kiza, na kurasa za mashairi magazetini zilijaa lakabu ambazo hata mhariri hakujua mwenyewe ni nani. Fumbo kwetu ni adabu. Shujaa wetu mkuu, Fumo Liyongo, aliokoka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, huku walinzi wakihadaiwa kwa ngoma. Nasi tunaita hila hiyo werevu na kuisimulia kwa fahari. Basi ni sheria gani ya sanaa inayosema kwamba tupa ya Liyongo ni ushujaa na jina la kuazima la mkimbizi wa Kasulu ni ulaghai? Wote wawili walikuwa wanakimbia kufa.

Mkoa huohuo wa Kigoma ulitupa Saadani Kandoro wa Ujiji, mwasisi wa TANU na mmoja wa mabingwa wa mashairi ya Kiswahili, kutoka mji ambao wakazi wake wengi asili yao ni Manyema, ng'ambo ya ziwa. Sijasikia mtu akisema mashairi ya Ujiji ni ya Kikongo. Tukitaka kuwa wakarimu, tunajua kuwa.

Na mwenye kudhani kwamba jambo hili ni la mpakani peke yake, akumbuke mwaka 2001. Serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia wa Tanzania. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mwenye kalamu kali, aliyekuwa amekwisha kuwa mbunge. Wa pili Timothy Bandora, balozi. Wa tatu Anatoli Amani, kiongozi wa chama tawala Kagera. Wa nne alikuwa wa kwetu, Maudline Castico wa Zanzibar, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri katika Serikali ya Mapinduzi. Balozi, mbunge, kiongozi wa chama! Ikiwa hao, wenye magazeti na mawakili, waliamka siku moja wakaambiwa kwamba maisha yao yote walikuwa wakicheza nafasi isiyo yao, mkulima wa maharage wa Kibondo atajiteteaje? Nasi wa visiwani, tuliowahi kusimama mbele ya sheha tukiomba atutambue ili tupate kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichoanza kwa sheria ya 2005, tunajua vema jinsi kichwa cha mtu mmoja kikitikiswa kushoto na kulia kinavyoweza kumfuta mtu aliyezaliwa mtaa wa pili.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kudai kwa watunzi na wahakiki wenzangu. La kwanza, tuache kuisifu kila hadithi inayomalizikia kwa kuvuliwa kinyago. Ni mtindo uliochakaa, na katika nchi zetu una madhara, maana unamzoeza msomaji kuamini kwamba chini ya kila uso upo uso mwingine mbaya zaidi. Natamani mtu atuandikie, kwa shairi au kwa filamu, kisa cha aliyevuliwa kinyago na chini yake ukakutwa uso uleule. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Ghasia za Burundi za 2015 zikaleta watu wapya, Nduta ikafunguliwa tena mwaka huohuo na Mtendeli mwaka uliofuata, nayo Mtendeli ikafungwa tena mwaka 2021. Katika kufungua na kufunga huko wamo watoto waliozaliwa, wakajifunza Kiswahili kuliko lugha ya mama, wakarudishwa katika nchi ambako waliitwa Watanzania. Hao tuna utenzi gani kwa ajili yao?

La pili, methali tuliyoanza nayo tuiweke kando mpaka tujifunze kuuliza swali linaloitangulia. Mtu akikwambia kwamba fulani amekataa kwao, mwulize kwanza: kwao walimkubali? Mlango ulikuwa wazi akaupita, au aliukuta umefungwa, mlinzi amesimama, na funguo anazo mtu asiyemjua? Akishakujibu hilo, basi na amwite mtumwa kama bado ana ulimi wa kulitamka.